Bloku ya lori ndani ya Cobra ya kuiga: nilivyochagua injini ya FE na kuifunga

Gari ni nakala ya Cobra, roadsta ya viti viwili ambayo Carroll Shelby aliianzisha mwaka 1962 kwa kuchukua gari la AC Cars la Uingereza na kulitia V8 ya Ford. Za asili bei zake ni za matajiri, kwa hiyo sisi wengine tunanunua za kuiga. Langu nililipata hapa Ohio kwa mtu aliyechoka nalo katikati ya kazi: rangi ipo, breki zipo, viti vipo, injini na gia boksi hakuna. Lilijengwa Port Elizabeth (sasa Gqeberha), Afrika Kusini, ambako nakala za Cobra hutengenezwa na kupakiwa melini bila injini, mnunuzi atajua mwenyewe atatia nini. Jirani yangu mmoja, mtu wa Mombasa, alilizunguka mara mbili akauliza, "Kaka, kumbe na hili limetoka kwetu kuja kutafuta maisha?"

Kazi yangu ni malori. Ufundi nilianzia gereji za Gerezani, Dar es Salaam, na huku ninashinda chini ya magari ya dizeli, kwa hiyo kuifunga injini hakukunitisha. Kilichonisumbua ni kuichagua.

Ushauri utakaopewa na kila mtu ni uchukue 302 au 351 Windsor, V8 ndogo za Ford zinazoitwa kwa ujazo wake wa inchi. Ni ushauri mzuri. 302 ina kilo 210 hivi, vipuri vyake vimejaa kila duka, na pua ya gari inabaki nyepesi kwenye kona. Ila nakala yangu imefuata Cobra 427 ya mwaka 1965, ile yenye matako mapana, na gari lile lilibuniwa upya kwa sababu moja tu: kubeba injini kubwa ya FE. Mirija mikuu ya chesisi ilinenepeshwa kutoka inchi 3 hadi 4, springi za majani zikatolewa, zikaja za koili. Ukifungua boneti ya gari la namna hiyo ukakuta injini ndogo imekaa katikati na nafasi tele pembeni, unaona kabisa kwamba mwenye nyumba hayupo. Mimi nilitaka FE, na uzito wake wa karibu kilo 300 nilikubali kuupunguza kwa njia nyingine.

FE ni familia ya injini za Ford zilizoanza na magari ya mwaka 1958 na kuendelea hadi 1976 kwenye malori. Ndani ya familia hiyo kuna ndugu wengi wanaofanana sura kiasi kwamba ukiwapanga mstari mmoja, hata fundi mzoefu atakuna kichwa. Na hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea, maana kila muuzaji ana namba yake mdomoni.

Anza na 427, ambayo ndiyo jina la gari lenyewe. Kipenyo cha silinda ni inchi 4.23, mwendo wa pistoni 3.78. Piga hesabu utapata inchi za ujazo 425, si 427. Ford waliiita 427 kwa sababu lita 7, ambazo ndizo zilikuwa kikomo cha mashindano, ni sawa na inchi 427. Ndugu yake 428 ina silinda za 4.13 na mwendo wa 3.98, hiyo inatoka 426 na ushee. Yaani inayoitwa 428 iko karibu na 427 kuliko 427 yenyewe! Na baadhi ya Cobra zilizouzwa kwa jina la 427 zilitoka zikiwa na 428 ndani, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi. Baada ya kuyajua hayo, heshima yangu kwa namba ilipungua sana.

427 ya kweli niliiacha mapema. Ni adimu, ni ghali, na silinda zake zilitanuliwa tangu kiwandani hadi karibu na mwisho wa chuma. Bloku nyingi zilizobaki, yaani miili ya injini yenye silinda, zimeshatobolewa hadi zinahitaji kuvishwa slivu, bomba jipya ndani ya silinda. Inabidi uipende historia kuliko mkoba wako. 428 niliitafuta kwa bidii zaidi, na niliona nyingi zilizotangazwa hivyo. Tatizo ni kwamba bloku nyingi za FE zina namba 352 iliyosubiwa mbele, iwe ni 352, 360, 390 au 428. Namba hiyo haikuambii kitu. Msimbo wa subu pembeni nao hausaidii sana: C6ME, kwa mfano, unaonekana kwenye 390 na kwenye 428.

Nilichokuwa nabeba kwenda kukagua ni tochi, fimbo nyembamba ya mbao, kalipa na seti ya biti za drili. Fimbo unaipitisha tundu la plagi, unazungusha krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kwa mkono, unapima pistoni imepanda na kushuka kiasi gani. Si kipimo cha maabara, kwa sababu tundu limelala kwa pembe, lakini kinatosha kutofautisha mwendo wa 3.50 na ule wa 3.98. Biti za drili ni kwa bloku iliyotolewa zile plagi za maji za ubavuni: unachomeka shina la biti katikati ya silinda mbili. Silinda zikiwa kubwa, uwazi unakuwa mwembamba na biti nene haipiti. Sampu, lile bakuli la oili la chini, ikiwa imeshatolewa, tazama krenki. Ya 428 imeandikwa 1U, au 1U ikifuatwa na herufi nyingine. Kwa vifaa hivyo vya bei ya chakula cha mchana niliwaaga wauzaji kadhaa kwa adabu.

Kilichonifungua macho ni mzee mwenye karakana ya kuchonga injini, ambaye amezaliwa na kukulia kwenye FE. Nilimweleza kwamba nawaza kununua 390 kisha niiwekee krenki mpya ya mwendo wa inchi 4.25, ambayo viwanda vya vipuri vinaitengeneza siku hizi. Akaniuliza, "Sasa kama krenki unaitupa, 390 ya nini?" Alikuwa na maana hii: 390 na 360 za malori zina silinda za kipenyo kilekile, inchi 4.05. Tofauti yao iko kwenye krenki na vinavyoambatana nayo. 360 ilifungwa kwenye malori madogo ya Ford kuanzia 1968 hadi 1976, ilijulikana kwa uvivu na kwa kunywa petroli, na hadi leo hakuna anayeigombania. Ukitoboa silinda hadi 4.08 na kutia krenki ya 4.25 unapata inchi za ujazo 445, karibu lita 7.3. Hiyo inazidi 427 na 428 zote, kutoka kwenye chuma ambacho watu wanakiachia kwenye banda la shamba.

Nikanunua 360 kutoka kwenye F-100, lori dogo la Ford, iliyooza bodi. Mwenye nayo alifurahi kwamba nitaiondoa mwenyewe.

Kabla ya kulipia kazi yoyote, bloku ilichemshwa ikasafishwa, kisha silinda zikapimwa unene kwa mawimbi ya sauti. Usiruke hatua hii hata kama fundi wako anakuapia. Wakati wa kusubu, ule udongo wa ndani ya kalibu huweza kusogea, na silinda ikatoka nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Upande wa kuangaliwa zaidi ni ule pistoni inaosukumia wakati wa mlipuko. Mzee hataki kuona chini ya inchi 0.100 pale baada ya kutoboa. Ya kwangu ilipita kwa nafasi nzuri.

Mengine ya karakana nayapitia haraka: silinda zikatobolewa na kupigwa honi huku bamba nene limefungwa juu ya bloku kuigiza mkazo wa hedi (kifuniko cha juu ya silinda), beringi za krenki zikanyooshwa mstari, pistoni zikachaguliwa za mgandamizo wa karibu 10 kwa 1 ili nitumie petroli ya kituo chochote. Mizania ndiyo ya kuzungumziwa. 428 ya kiwandani inategemea uzito wa nje, kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki), ili itulie. 390 na 427 hazitegemei. Ukichanganya flaiwili ya moja na krenki ya nyingine, injini itatikisika hadi ikung'oe meno. Krenki, koneksheni, pistoni na flaiwili yangu vyote vilipelekwa pamoja vikawekewa mizania ya ndani, na karatasi ya vipimo ninayo.

Uzito niliahidi kuupunguza. Manifoldi ya chuma ya FE, ile inayogawa hewa na petroli kwa silinda, peke yake ni kama kilo 36, na umbo lake ni la ajabu: inaingia hadi chini ya kava za valvu, na fimbo za valvu zinapita ndani yake. Niliweka ya aluminiamu, na hedi za aluminiamu pia. Kuna watu watasema hiyo si injini ya zamani tena. Wao wanabeba pua ya gari, mimi naendesha.

Gia boksi ni Tremec TKO ya gia 5. Cobra za wakati ule zilikuwa na ya gia 4, lakini mimi ninapita barabara kuu na masikio yangu bado nayahitaji. Hapa kuna kazi ambayo wengi huipuuza: kupima kama belihauzi, lile kengele linalounganisha injini na gia boksi, limekaa katikati ya krenki. Unafunga saa ya kupimia kwenye flaiwili, ncha yake iguse ukingo wa tundu la belihauzi, unazungusha krenki taratibu. Kikomo ni inchi 0.005. Langu lilisoma 0.014. Ukifunga hivyo, shafti ya kuingilia itakuwa inapindishwa kila mzunguko, na baadaye utalaumu gia boksi isiyo na kosa. Dawa yake ni pini maalumu zilizopinda kati. Unachukua zenye nusu ya kipimo, yaani 0.007 kwangu, unazigeuza hadi saa itulie, ndipo unakaza. Ilinichukua jioni nzima, magoti yakaniuma, na ningerudia tena bila kunung'unika.

Kuishusha sasa. Injini na gia boksi vilifungwa pamoja nje, vikaingia kama mwili mmoja, mkia ukiwa chini, kwa winchi yenye kiwiko cha kubadili mlalo. Jirani wa Mombasa ndiye alikuwa upande wa winchi, mimi chini. Mablanketi juu ya mabawa, betri nje, ekzosi bado. Habari njema ni kwamba distributa ya FE iko mbele, kwa hiyo haigombani na ukuta wa nyuma. Habari mbaya ni oili filta, ambayo inakaa kushoto mbele, mahali penye chesisi na stelingi. Niliihamisha kwa adapta na mipira hadi mahali ninapoifikia. Sampu ya lori haifai kabisa, inashuka chini mno. Niliweka fupi yenye mabawa pembeni, ili oili itoshe bila kukwaruza matuta.

Difu ya gari hili imefungwa kwenye chesisi, maana kila tairi la nyuma lina sasipensheni yake, hivyo pembe ya difu haibadiliki. Niliipima kwa kipima mlalo cha kidijitali, kisha nikainua mkia wa gia boksi kwa vipande vya bati hadi shafti ya gia boksi na ya difu zikawa sambamba. Baada ya hapo ndipo hedazi, mabomba ya kutolea moshi kwenye injini. Ya kushoto inapita jirani na shafti ya stelingi. Kata usukani mwisho huku na huku, na mtu atikise injini, kabla hujaridhika. Kimo cha boneti nilikipima kwa udongo wa kuchezea wa mwanangu: nilibandika vidonge juu ya chujio la hewa, nikafunga boneti, nikafungua, nikapima kilichobaki.

Kuiwasha kwa mara ya kwanza hakuhitaji pupa. Kabla ya distributa kuingia, niliteremsha fimbo ya pembe sita ya robo inchi hadi kwenye oili pampu, nikaizungusha kwa drili kinyume cha saa mpaka geji ikapanda, huku jirani akizungusha krenki polepole hadi oili ikatoka kwenye roka za pande zote mbili. Mpangilio wa moto ni 1-5-4-2-6-3-7-8, na silinda ya kwanza ni ya mbele kulia. Kamshafti yangu, mhimili unaofungua valvu, ni ya tapeti bapa, aina ya zamani, na hiyo ina masharti: oili yenye zinki ya kutosha, ambayo oili nyingi za magari ya sasa hazina, na ikishawaka isiachwe ikakoroma chini. Ni mizunguko 2000 hadi 2500 kwa dakika 20, moja kwa moja. Majirani walitoka nje kuangalia. Mmoja alileta kiti.

Joto halikuwa tatizo kwa injini, radieta ya aluminiamu na feni mbili za umeme zinaimudu. Lilikuwa tatizo kwa miguu yangu. Mabomba ya kushoto yanapita ubavuni mwa kisanduku cha pedeli, na viatu vilikuwa vinalainika. Nilivika hedazi mkanda wa kuzuia joto na kubandika tabaka la kuzuia joto upande wa nje wa kisanduku, kwa ndani kapeti nene, na sasa nakaa safari nzima bila kuvua.

Oili ya mwanzo imeshamwagwa, chujio nimelipasua kuangalia chembe za chuma na halikuwa na za kutisha, bolti za hedazi zimekazwa upya. Kabureta bado inatoa harufu ya petroli ikiwa imesimama kwenye taa nyekundu. Nimeagiza jeti (vitundu vya kupitishia petroli) ndogo zaidi, na zikifika nitaanza na za mbele.