Ngumi ya sinema haimfikii mtu: ninavyopanga mapigano ya kamera

Ukitoka kwenye kareti au ndondi ukaingia kwenye filamu za mapigano, ushauri wa kwanza utakaopewa ni huu: "Mpige kweli, kidogo tu, ndiyo itaonekana." Nimeusikia kwa waongozaji, kwa wapiga picha, hata kwa jamaa anayeshika taa. Ni ushauri mbovu, na wanaoutoa hawajawahi kukaa na mhariri wakaangalia walichovuna. Mtu akipigwa kweli mara ya kwanza, mkirudia shoti uso wake unajikunja kabla ngumi haijafika. Mkirudia tena anavuta kichwa nyuma mapema, na baada ya hapo anafumba macho kabisa. Halafu mdomo unavimba. Vipande havipigwi kwa mfuatano wa hadithi, kwa hiyo unapata steringi ambaye mdomo wake unavimba na kunywea kila shoti inapobadilika, ndani ya pambano la dakika mbili. Na baada ya maumivu yote hayo, ngumi ya kweli kwenye kioo ni kitu kidogo: fupi, haina mlio wa maana, imekwisha kabla jicho halijajua imetokea wapi.

Siku hizi sibishani. Namsimamisha mwongozaji nyuma ya bega la anayepigwa, pale kamera itakapokaa, narusha ngumi inayopita kama sentimita 20 mbele ya pua ya mwenzangu, naye anarusha kichwa. Mara nyingi anayeshtuka ni mwongozaji.

Kinachofanya kazi hapo ni mstari. Kamera, uso na ngumi vikilala kwenye mstari mmoja, kamera haina njia ya kujua pengo lililopo katikati. Ngumi ya kuzunguka ndiyo rahisi kuliko zote: kamera nyuma ya bega la mmoja wao, ngumi ikate mbele ya uso kutoka upande mmoja wa fremu hadi mwingine, na isiishie njiani. Ngumi iliyonyooka ni kaidi zaidi. Hiyo inataka kamera ikae nyuma kabisa ya anayepiga au anayepigwa. Mpiga picha akisogea hatua moja pembeni, pengo linaanikwa. Rudisha kamera mbali na uweke lenzi ya milimita 85 au zaidi, na pengo la sentimita 15 hadi 30 linamezwa. Lenzi pana ya milimita 24 ikiletwa karibu inafanya kinyume, inavuta vitu viachane, na kila mtu ataona mkono umepita hewani. Kwa hiyo kabla sijapanga pigo lolote nauliza kwanza: lenzi gani, na kamera inakaa wapi? Mpangaji asiyeuliza hilo anapanga dansi.

Ila pigo ni la anayepigwa. Wengi hawapendi kusikia hilo, hasa mabingwa wa mashindano, maana wamezoea kusifiwa kwa mkono wao. Anayepigwa ndiye anayeamua ngumi ilikuwa na uzito gani. Kidevu kinaondoka kwanza, kichwa kinafuata, bega linavutwa, kiuno, mwisho mguu unatafuta pa kukanyaga. Vyote vikiondoka kwa pamoja mtu anaonekana ameruka mwenyewe, na ndivyo ilivyo. Aanze pale ngumi inapokata usawa wa kidevu. Akichelewa kidogo, mhariri anaweza kukatia hapohapo kwenda engo nyingine, au mlio ukasogezwa ukafunika. Akiwahi, shoti hiyo imekufa, maana mtazamaji ameshaona kichwa kikiondoka mkono ukiwa bado safarini.

Wapiganaji wa kweli wanakuja na mazoea mawili ambayo nayaondoa kabla ya kuwafundisha chochote. La kwanza, wanaficha pigo. Ulingoni hiyo ni akili, mbele ya kamera ni hasara: bega linatakiwa kurudi nyuma, kiwiko kionekane, mtazamaji apate nafasi ya kuogopa. La pili, wanarudisha mkono kwenye ulinzi haraka mno. Namwambia mtu aache mkono pale ulipoishia kwa robo sekunde. Kwa kasi ya fremu 24, yaani picha tuli 24 kwa sekunde, hizo ni fremu 6, na ndizo mhariri atakazozitafuta. Kasi peke yake haisaidii. Bruce Lee mwenyewe alipoigiza kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1966 ilibidi apunguze, kwa sababu kamera haikuwa inayashika mapigo yake. Kama yeye alipunguza, wewe na mimi tuna haraka ya kwenda wapi?

Mazoezi nayapeleka kwa namba. Kila pigo lina namba yake, na tunayapita kwa robo ya kasi, kisha nusu, kisha robo tatu. Kasi kamili ni ya kamera. Anayepiga haanzi mpaka macho yake yamekutana na ya mwenzake; hilo halina mjadala hata kama jua linazama na mtu wa kamera anapiga kelele. Silaha ikiwemo, umbali unaongezeka: upanga wa mazoezi ni wa aluminiamu au mpira, unaelekezwa nje ya mwili, na visu vile ambavyo bapa lake linazama kwenye mpini sivigusi. Springi ikikwama, kisu hakizami.

Namba hazitoshi bila mdundo. Moja-mbili, tatu. Moja, mbili-tatu-nne, pumzi, tano. Ukiyapanga mapigo yote kwa nafasi sawa, watu wanachoka baada ya nusu dakika na hawajui kwa nini. Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao walilelewa pamoja kwenye shule ya opera ya Kichina ya mwalimu Yu Jim-yuen huko Hong Kong, ambako sarakasi na mapigano huenda pamoja na ngoma na matoazi. Zima picha, sikiliza pambano lao kwa masikio tu: utasikia mapigo yakigawanywa kama wapiga ngoma wanavyogawana. Ndiyo maana huwa napanga kwa kugonga meza kwanza, mwili baadaye.

Sasa nifike kwenye ushauri mbovu wa pili: "Tikisa kamera, itaficha." Inaficha kweli. Inaficha pengo, inaficha anayepiga, inaficha anayepigwa, na inaficha hela yote iliyolipwa kufundisha watu. Kazi iliyonifanya niukatae moja kwa moja ilikuwa teke la kifuani. Steringi anampiga adui teke, adui anaruka nyuma na kuvunja rundo la maboksi. Mpiga picha alisimama pembeni na lenzi pana, akatikisa. Tulipoangalia, unyayo ulikuwa umesimama nje ya shati, adui anaondoka kwa hiari yake, na picha inacheza kama gari kwenye barabara mbovu. Wakapunguza mwanga. Likawa teke la uongo gizani. Wakasema basi ampige kweli. Nikasema nipewe nusu saa na kopo la poda.

Teke lile nililivunja vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni kipana: steringi anakunja goti na kugeuza kiuno, mguu unaanza kutoka, kata. Hakuna anayeguswa. Kipande cha pili ni cha karibu, kutoka pembeni, fremu imebeba kifua na mguu tu. Ndani ya shati adui amevaa kinga ya kifua, na juu ya shati jeusi nimepaka poda ya watoto kiasi cha kiganja, nikaikung'uta isionekane. Soli ya kiatu nayo ina poda kidogo. Hapa mguu unagusa, lakini haupigi: unafika kwenye kinga ukiwa umekunjwa, kisha unanyooka na kusukuma. Poda inaruka. Kwenye mwanga unaotoka nyuma ya adui inasimama hewani kama moshi. Taa ikitoka mbele haionekani kabisa, na watu wengi wanalaumu poda wakati kosa ni la taa. Kipande cha tatu ni kipana tena: mguu umeshanyooka, adui ana uzito kwenye visigino, magoti yamekunjwa kidogo, na anajirusha nyuma mwenyewe.

Halafu kuna utamu wa kuunganisha. Ukikata kutoka cha pili kwenda cha tatu pale pale kifua kilipofika, teke linaonekana limeruka hatua. Jicho linahitaji muda kidogo kuipokea picha mpya. Kwa hiyo kipande cha tatu kinaanza fremu 2 au 3 nyuma ya pale cha pili kilipoishia, yaani sehemu ndogo ya tukio inaonyeshwa mara mbili. Hakuna mtazamaji anayeona marudio. Anachoona ni nguvu. Ukifika fremu 5 au 6 inaanza kuonekana kama hitilafu. Hila hii ni ya siku nyingi kwenye sinema za Hong Kong, sikuibuni mimi, lakini siku ile nilitembea kifua mbele kama niliibuni.

Maboksi nayo yana adabu yake. Yawe matupu, makavu, ya ukubwa unaokaribiana, upande wa kama sentimita 45 hadi 50. Yasifungwe kwa gundi ya utepe juu na chini, maana hewa ikikosa pa kutokea boksi linageuka tofali. Yapangwe yakigusana, tabaka la juu likivuka viungo vya tabaka la chini, rundo zima lizungushiwe kamba lisisambae, na juu yake godoro jembamba. Yale yanayoonekana kwenye picha yanakaa mbele na kuvunjika. Yanayomuokoa mtu yako nyuma yake. Boksi lililobonyea haliwekwi tena chini ya mtu. Gharama ni karibu na bure ukiwahi kuomba dukani kabla hayajakunjwa, ukilinganisha na bega lililovunjika. Na hii ni kwa kuangukia kutoka kwenye usawa wa mtu au juu kidogo. Kuanguka kutoka ghorofani, au kuvutwa kwa waya, ni kazi ya watu wa mitambo hiyo. Mpangaji anayejifanya anajua waya kwa sababu ameona video, mkimbie.

Kasi ya kamera watu wanaiuliza sana, nami naijibu kwa kifupi. Kurekodi kwa fremu 22 kwa sekunde na kuonyesha kwa 24 kunaongeza mwendo kama asilimia 9, na hakuna anayegundua. Fremu 21, kama asilimia 14, bado inavumilika kama hakuna nywele ndefu wala nguo pana, maana hizo ndizo zinazosema ukweli kwanza. Chini ya 20 ni vichekesho. Kitu ninachokijali zaidi ni shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga. Ya kawaida kwa fremu 24 ni 1/48 ya sekunde. Ukienda 1/96 mikono inakuwa na makali, ukungu wa mwendo unapungua, na pigo linasomeka. Lakini makosa nayo yanasomeka, na picha inakuwa na giza, kwa hiyo mtu wa taa ajulishwe mapema. Angalia pia taa za umeme wa hertzi 50: hapo tumia 1/100, la sivyo picha itapepesa.

Kwa shoti moja nachukua mapigo matatu hadi sita, nikijua mhariri atakata wapi, badala ya kupiga pambano zima kutoka kila engo halafu tutajua mbele. Shoti ndefu inayoonyesha miili yote ni nzuri kuliko vyote, ila inahitaji watu waliokaa pamoja muda mrefu. Yuen Woo-ping, mpangaji wa mapigano wa Hong Kong, alipoitwa Hollywood kupanga mapigano ya The Matrix iliyotoka mwaka 1999, waigizaji walifanyishwa mazoezi kwa miezi kabla kamera haijawashwa. Mtayarishaji anayekupa mchana mmoja na kudai matokeo yale mwambie mapema atapata mapigo matatu kwa shoti, na yatakuwa mazuri.

Heshima ya kazi hii inatofautiana. Tuzo za filamu za Hong Kong zina kipengele cha mpangaji wa mapigano tangu miaka ya 1980. Waandaaji wa Oscar walitangaza chao, cha ubunifu wa matukio ya hatari kwa ujumla, mwaka 2025, kwa filamu za kuanzia 2027. Kwenye filamu ndogo jina lako linaweza kuachwa kabisa, kwa hiyo liandikwe kwenye mkataba pamoja na jambo moja jingine: siku ya kukaa na mhariri, na ilipwe kama siku ya kazi. Naenda na orodha yangu ya namba, kipande gani kinaungana na kipi na kwenye pigo la ngapi. Wengi hukataa mwanzoni, wanasema mhariri wao anajua. Nawaomba waliunge lile teke la vipande vitatu bila mimi, kisha tuliangalie pamoja.