Unga wa rosela na ngozi ya maabara

Mteja alileta dondoo kavu la rosela, jekundu kama damu ya mzee, akitaka kulitia kwenye losheni ya uso. Maabara ilikuwa Ujerumani, na tangu 2009 Umoja wa Ulaya haukuruhusu viambato vya vipodozi kujaribiwa kwa wanyama. Tukatumia vipande vya ngozi iliyooteshwa kwa seli za binadamu, kwa mwongozo namba 439 wa OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, wa kupima kama kitu kinawasha ngozi.

Jaribio hilo hupima uhai wa seli kwa MTT, chumvi ya njano ambayo seli hai huigeuza zambarau. Kwa rosela hapo ndipo penye mtego. Kabla ya kugusa ngozi yoyote tulikoroga miligramu 25 za unga katika mililita moja ya MTT, tukaiacha gizani saa moja kwa nyuzi 37. Ikawa zambarau, na seli hazikuwemo! Polifenoli, kemikali za mmea wenyewe, zilifanya kazi ya seli. Juu ya hayo, wekundu wenyewe unaweza kuongeza usomaji wa zambarau, unaopimwa kwa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 570. Kwa hiyo tulitoa kwenye friza vipande vilivyouawa kwa kugandishwa, vikatendewa sawa na vilivyo hai, ili tuone rangi isiyotoka kwa seli hai.

Kila kipande cha rosela kililoweshwa kwa mikrolita 25 za bafa, maji ya chumvi yasiyodhuru seli, kikanyunyiziwa miligramu 25 za unga. Vitatu vingine vilipata bafa tupu, na vitatu SDS ya asilimia 5, sabuni kali ambayo isipoua seli, jaribio zima linatupwa. Baada ya dakika 60 vikaoshwa mara 15. Nimeona kazi nyingi zikiharibikia hapa: unga ukibaki pembezoni huendelea kuunguza katika saa 42 za mapumziko ya ngozi. Kiputo cha hewa chini ya utando unaobeba ngozi nacho huua seli kwa njaa, na lawama ikaangukia unga.

Kisha MTT kwa saa 3, rangi ikatolewa kwenye ngozi kwa isopropanoli, aina ya alkoholi. Usomaji ghafi wa rosela ulivuka asilimia 100 ya bafa, jambo ambalo mimi siliamini kwa unga wenye asidi. Katika usomaji huo tukatoa usomaji wa ngozi iliyokufa, tukatoa na rangi iliyobaki kwenye ngozi hai isiyotiwa MTT, halafu tukarudisha rangi ya ngozi iliyokufa isiyotiwa MTT, maana ilikuwa imetolewa mara mbili. Makato ya ngozi iliyokufa yangezidi asilimia 50 ya bafa, matokeo yasingetegemewa. Hayakuzidi.

Uhai ulishuka sana, ila ukabaki juu ya asilimia 50, mpaka wa kuitwa kiwasho. Kuhusu macho, mteja aliambiwa hilo ni jaribio jingine, kwa tishu nyingine.