Maua yasiyofukiwa

Pakiti aliileta shangazi kutoka Arusha, nikiwa darasa la sita. Ilikuwa na picha ya vimaua vyeupe vilivyobanana kama povu la sabuni. Alisamu. Mbegu zenyewe zilikuwa ndogo kiasi kwamba ukizisogelea na kupumua, umezipoteza.

Nusu ya pakiti niliimaliza Februari, jua la Mikindani likiwa limekaza, kwa namna niliyoijua: kama njugu mawe. Chimba, tia, fukia kwa unyayo, nenda kacheze. Wiki tatu nzima nikamwagilia udongo mtupu.

Bibi alikuwa akinitazama kutoka barazani, akisuka ukili. Hakusema kitu mpaka Juni, kusi ilipoanza kuvuma na asubuhi zikawa na kibaridi, aliponiona na jembe tena.

"Mume wangu, unazika au unapanda?"

Nikamwonyesha mbegu. Akaimwaga chembe moja kiganjani, akaigeuza kwa ukucha, akacheka.

"Hii ni kama mrehani. Mrehani wangu nani anaufukia? Naukung'uta tu, unajiotea."

Kweli, mrehani ulikuwa umejaa ukutani pale miaka yote na sikuwahi kujiuliza nani anaupanda. Jioni hiyo ndipo niliposoma nyuma ya pakiti: mbegu isifunikwe, inataka mwanga ndiyo iote. Nilikuwa na pakiti hiyo miezi minne!

Tulikata dumu la mafuta ubavuni, tukatoboa chini kwa msumari wa moto, tukatia mchanga na samadi ya mbuzi iliyokauka na kuchekechwa. Mbegu tukazinyunyiza juu, bibi akazigandamiza kwa kiganja, basi. Maji hakutaka niyamwage kwa kopo, yangezikokota zote pembeni. Alikata kishada cha mrehani, akakichovya kwenye bakuli na kukikung'utia juu ya dumu. Kila asubuhi hivyo hivyo, hata mchanga ukawa unanukia mrehani.

Siku ya sita zikaonekana: vijani viwili viwili, vidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Nikafurahi nikazidisha maji. Kinyausi, ule ugonjwa wa kuozesha miche michanga, kikaingia, vishina vikalegea shingoni, na kwa siku mbili nikapoteza karibu nusu. Bibi akavificha bakuli na kishada.

Iliyobaki ilichanua Agosti. Ua lina petali nne, kama la sukuma wiki iliyoachwa mpaka ikatoa maua, ila dogo sana. Bibi alitafuna jani na kusema lina ukali wa figili. Hakukosea, maana alisamu ni jamaa ya kabichi na haradali. Harufu yake ni ya asali kabisa, na nyuki waliijua kabla ya majirani.

Joto la Novemba liliikausha. Nilitaka kuing'oa, bibi akanizuia, akayafikicha makavu juu ya ungo, akapeta, akafunga mbegu kwenye pindo la kanga. Pindo lile lile la hela. Kesho yake muuza samaki alipewa noti iliyokunjwa, akaikunjua, akaikung'uta chini pale mlangoni, akauliza hizi chawa au nini.

"Maua ya mume wangu hayo," bibi akamwambia. "Usiyakanyage."