Ngumi na gazeti

Gi yangu ya kwanza ya karate mama aliishona kwa marekani, kile kitambaa kizito cha rangi ya maziwa. Akaifua, akaitia wanga wa muhogo, akaianika mpaka ikakauka kama ubao. Ukirusha ngumi, mkono wa nguo unalia: pa! Nilikuwa na miaka kumi, mwaka 1996, Tanga, na mlio ule niliupenda kuliko ngumi yenyewe.

Tulijifunza Goju-ryu, mtindo wa Okinawa ulioletwa Dar es Salaam mwaka 1973 na Sensei, yaani mwalimu, Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi. Sensei wetu alitueleza mapema: go ni ugumu, ju ni ulaini. Watoto sote tuliishika go siku hiyohiyo.

Siku ya mtihani wa mkanda wa njano wazazi walijaa ukumbini. Nilianza na kata, mfuatano wa mapigo na kinga unaoufanya peke yako. Yangu ilikuwa Gekisai Dai Ichi, ambayo Chojun Miyagi, mwanzilishi wa Goju-ryu, aliitunga mwaka 1940 ili vijana wapate pa kuanzia. Unageuka kushoto, unainua mkono kukinga uso, unasogea, unapiga. Niliimaliza bila kosa, nguo ikilia kila ngumi, na nikamwona mama akinitazama bila kupepesa.

Ikafuata zamu ya wawili wawili. Nilipangwa na mtoto wa jirani yetu, tuliyechota naye maji bomba moja tangu wadogo. Mmoja anapiga, mwenzake anakinga, na ngumi lazima isimame kabla haijagusa ngozi. Alichelewa kukinga. Nilimwona amechelewa. Nafasi ya kuuzuia mkono nilikuwa nayo, wala sitasema vinginevyo hata leo. Niliutaka ule mlio.

"Yame!" Sensei akapaza sauti. Acheni!

Tone la kwanza lilianguka kwenye gi yake, mengine kwenye saruji. Sensei alimkalisha, akamwinamisha kichwa mbele, akambana pua kwa kitambaa. Halafu akaniita.

"Shika wewe."

Nikapiga magoti, nikaibana pua ya mwenzangu kwa vidole vyangu. Alikuwa anahema kwa mdomo, na pumzi yake ya moto ilikuwa inanipiga kwenye kiganja. Ukumbi mzima ulinyamaza ukitusubiri. Kila nilipotaka kuachia, Sensei alitikisa kichwa. Zile dakika zilikuwa ndefu kuliko kata zote nilizowahi kufanya.

Yeye alipata mkanda wa njano. Mimi nilirudi na mweupe wangu.

Njiani mama aliniuliza swali moja tu. "Ulimwona kama amechelewa?" Nikasema ndiyo. Hakunigombeza. Jioni alinipeleka kwa jirani kuomba radhi, akaichukua gi ya yule mtoto na kuiloweka kwenye maji baridi yenye chumvi. Aliisugua mpaka doa likatoka lote, kisha akaitia wanga, kama yangu.

Jumamosi iliyofuata Sensei alitundika karatasi ya gazeti kwenye kamba, dirishani. Kazi yangu ikawa kupiga ngumi kwa nguvu zote na kuisimamisha upana wa kidole kutoka kwenye gazeti. Mwanzo nililitoboa. Baadaye nikaanza kuogopa, ngumi zikawa goigoi, naye akanirudisha nyuma: "Kwa nguvu, mwanangu. Kisha isimame." Wenzangu waliendelea na kata mpya, mimi niko na gazeti langu, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Siku moja nilikuta kamba iko tupu. Mtoto wa jirani alikuja mwenyewe, amevaa mkanda wake wa njano, akasimama pale lilipokuwa gazeti. Mikono aliiacha chini.

"Haya, piga," akasema.

Nilimtazama Sensei. Hakusema neno. Nikavuta pumzi, nikapiga kwa nguvu zote, nguo ikalia pa! Ngumi ilisimama mbele ya pua yake, karibu hivi kwamba niliisikia pumzi yake kwenye vifundo vya vidole. Hakufumba macho.

"Tena," akasema.