Nimebaki Arusha, na pasipoti ziko kwenye kopo

Intaneti iliporudi Jumatatu ya tarehe 3 Novemba 2025, ilirudi kwa kusuasua, na simu yangu ikaanza kumwaga meseji za siku tano kwa mkupuo. Dada yangu wa Nairobi aliandika: "Chukua watoto, pandeni gari, mengine tutaongea hapa." Shemeji aliyeko Calgary, Kanada, aliandika tuuze kiwanja upesi kabla bei haijaanguka. Binamu yangu wa hapahapa mjini aliandika kwamba mtu anayeondoka wakati kama huu anaisaliti nchi. Wote watatu wananipenda, najua. Lakini ushauri wao karibu uniharibie maisha, ndiyo maana naandika.

Tunaishi Sakina, kando ya barabara ya kwenda Namanga, mpakani na Kenya. Tangu tarehe 29 Oktoba, siku ya kupiga kura ya uchaguzi mkuu, maandamano yalipozuka na intaneti ikazimwa, tulijifungia ndani. Amri ya kutotoka nje usiku ilitangazwa Dar es Salaam, ila mtaani kwetu hakuna aliyesubiri kuamriwa. Kijana anayetuletea maziwa alipigwa risasi ya paja. Mama yake alikuja kunieleza akiwa ameshika ndoo tupu, na mpaka leo nikiona ndoo ile nyekundu moyo unashtuka. Baba watoto ni dereva wa watalii na alikuwa Karatu na wageni. Sikusikia sauti yake kwa siku mbili. Mimi ni mhasibu wa kampuni ndogo ya safari. Wageni wa Novemba wakafuta, wa Desemba wakadai warudishiwe amana, na mshahara ukakatwa nusu. Kwa hiyo nilikuwa na hofu mbili, ya risasi na ya njaa, na sikuweza kuzitenganisha.

Alhamisi ya wiki hiyo nikamtii dada. Niliwaamsha watoto saa kumi na moja alfajiri, binti yangu wa kidato cha pili na mdogo wake wa darasa la nne, nikawavalisha nguo mbili mbili, nikabeba vyeti vyao vya kuzaliwa, picha za harusi na sufuria moja. Hiyo sufuria siwezi kuieleza. Baba watoto alikuwa amerudi, akatusindikiza mpaka stendi bila kusema neno, maana jana yake tulibishana mpaka tukachoka. Tukapanda Noah, tukapita Ngaramtoni, Oldonyo Sambu, Longido. Gari zima kimya. Tulisimamishwa mara kadhaa, na kila mara nilikuwa nikipanga kichwani sentensi ya kujibu, halafu hakuna aliyeniuliza kitu.

Namanga ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimejiandaa kwa machozi tu. Pasipoti yangu ilikwisha muda tangu Machi. Watoto hawakuwa na pasipoti kabisa. Ofisa wa dirishani, kijana mpole, akaniuliza iko wapi barua ya ridhaa ya baba yao na nakala ya kitambulisho chake. Nikasema nampigia simu umsikie. Akasema, "Mama, kwenye simu sitajua kama ni baba yao. Ningekuwa mimi baba yao, ningependa mtu akuulize hivihivi." Alikuwa na haki. Tulikaa kwenye benchi saa mbili nzima, mimi nikimpigia dada, dada akisema tafuta njia, wabadilisha fedha wakipita wakituangalia. Vijana wawili walinijia pembeni wakasema wanajua njia ya kupita nyuma, kila mtoto kwa bei yake. Nikatazama mpaka ule na wale vijana, nikashika mikono ya watoto.

Hapo ndipo binti yangu akauliza, "Mama, tunasafiri au tunakimbia?"

Sikuwa na jibu. Mtu asiyeweza kumjibu mtoto wake swali hilo hana ruhusa ya kumvusha mpaka; hivyo ndivyo nilivyojiambia. Tukala chipsi, tukarudi. Nauli, chai na vocha vilikula kama elfu themanini, labda na zaidi. Jioni baba watoto alifungua mlango, akachukua sufuria mkononi mwangu, akaiweka jikoni. Hatukubishana tena.

Mtu aliyenisaidia hakuwa msomi wala wa ng'ambo. Ni bibi mmoja wa Ngarenaro anayenishonea vitenge. Alizaliwa Burundi, akaletwa Tanzania mtoto mwaka 1972, wazazi wake wakikimbia mauaji, akakulia kambi ya Ulyankulu kule Tabora, na mwaka 2014 akapata cheti cha uraia wetu pamoja na maelfu ya wenzake. Nilikwenda kwake kwa kisingizio cha kupunguza gauni. Nikamuuliza wazazi wake waliamuaje. Akasimamisha cherehani. "Hatukuamua, mwanangu. Baba alisema amkeni, tukaamka. Wewe umepata muda wa kuja kuniuliza, basi utumie huo muda." Akaendelea kushona.

Nikautumia. Kwanza pasipoti, zote nne. Ada ni 150,000 kila moja, ukiacha picha, vyeti na nenda-rudi. Tulimaliza akiba ya ada ya shule na sijutii. Kitu kimoja tu nitakisema hapa: linganisha jina herufi kwa herufi kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na cheti cha shule kabla hujaanza. Herufi moja ya mwanangu ilitupeleka kwa wakili kula kiapo na ikatula wiki nzima.

Ukiwa na hofu, watu wanainusa. Dalali alikuja na mnunuzi wa kiwanja chetu cha Kwa Mrombo, akataja bei ya nusu, tena kwa sauti ya huruma. Mwingine aliniletea habari za kazi Poland, viza bila usaili, nitoe milioni tatu na nusu kwanza. Nikamwomba jina la mwajiri na mkataba; akanitumia picha ya pasipoti ya mtu mwingine iliyogongwa viza. Mimi ni mhasibu. Asiyeweza kunipa risiti simpi fedha, hata kama nje kunawaka moto.

Kuhusu kuuza ardhi nasema kwa uchungu, maana karibu tuuze. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukichukua wa kwingine, wa hapa umekwisha, na asiye raia hamiliki ardhi hapa kama tunavyomiliki sisi. Siku hizi ipo hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliopo ng'ambo, inawafungulia baadhi ya milango, ila haiwarudishii uraia. Shemeji yetu ameshakuwa raia wa Kanada. Aliposema uzeni, alikuwa anaongea kutoka upande ambako yeye hana tena cha kuuza. Kama ni kuondoka, ondoka na ardhi yako ikiwa bado yako. Kodisha, mpe ndugu alime mahindi, funga waya. Nusu bei ni bei ya mtu aliyeshikwa koo.

Sasa nieleze kitu ninachojivunia, maana kimeshasaidia na majirani zangu wawili.

Nilikuwa nikiwauliza walio nje, "Maisha yakoje huko?" Jibu lake sote tunalijua: tunamshukuru Mungu, changamoto zipo, ila mkija mtazoea. Huwezi kuamulia familia kwa jibu hilo. Usiku mmoja nikabadilisha swali. Niliwaandikia watu watano: "Nisimulie Jumanne yako iliyopita. Tangu ulipofumbua macho mpaka ulipolala. Ulikula nini, ulilipa shilingi ngapi, uliongea na nani. Nirekodie sauti, usiandike." Nilichagua Jumanne kwa sababu haina harusi, haina kanisa, haina mechi.

Jamani, sauti zile! Shemeji wa Calgary alituma dakika kumi na nne. Anaamka saa kumi, anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, anapanga mizigo ghalani mpaka mchana, jioni anafanya usafi wa ofisi. Mkewe anahudumia wazee zamu ya usiku. Wanakutana sehemu ya kuegesha magari, mmoja anashuka mwingine anapanda, mtoto amelala kiti cha nyuma. Mwishoni akanyamaza kidogo, akasema, "Sikujua siku yangu iko hivi mpaka nilipoisema." Tangu siku ile hajatuambia tena tuuze kitu.

Rafiki yangu muuguzi wa Leipzig, Ujerumani, alikuwa na Jumanne nzuri kabisa, na nisingesema kweli kama ningeificha. Alisota na Kijerumani mpaka kiwango cha B2, yaani cha kuongea bila kubabaika, ndipo wakamtambua kama muuguzi. Mshahara unaingia tarehe ileile. Aliugua mgongo, akalipwa akiwa kitandani. Anapanda baiskeli usiku na haogopi mtu. Ila aliondoka kwa mpango wa miaka mitatu, si kwa alfajiri moja. Dada wa Nairobi akasimulia foleni, ada za shule, kisha akakumbuka mwenyewe Jumanne nyingine, tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bunge la Kenya. Alitembea kwa miguu kutoka mjini mpaka South B, mtaa anakoishi, kitambaa cha maji puani. "Kumbe na mimi nilikaa," akasema.

Nikarekodi na yangu. Ilikuwa Jumanne ya tarehe 18 Novemba, siku Rais alipotangaza tume ya kuchunguza yaliyotokea, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Niliisikiliza usiku na kalamu mkononi. Nikahesabu watu ambao wangejua kabla ya jua kuzama kama sikuamka: tisa. Mama yangu wa Usa River ninayempelekea dawa za sukari, mama wa yule kijana wa maziwa, mwenye duka, mlinzi wa kazini, wengine. Shemeji alipojihesabu alipata mke wake, na bosi wake siku inayofuata. Lakini kwenye Jumanne yangu nilisikia jambo jingine. Niliandika meseji tatu nikazifuta zote kabla ya kutuma, na nilimwambia mwanangu asiongelee shuleni alichokiona dirishani. Hilo nalo niliandika. Lilinichoma kuliko njaa, na bado linanichoma. Anayebaki asijidanganye kwamba habebi kitu.

Shule zilipofungwa kwa likizo ya Desemba tulivuka Namanga tena, tukiwa na pasipoti na barua ya ridhaa. Binti hakuuliza, nilimwambia mwenyewe, tunasafiri. Tulikaa Nairobi wiki mbili na nusu, si kutembea: niliulizia kazi, kibali, shule, kodi ya nyumba. Maisha yangewezekana, kwa kubana. Ila tarehe 9 Desemba, sherehe za Uhuru zikiwa zimefutwa na mitaa ya kwetu ikiwa tupu, baba watoto alikuwa peke yake Sakina na mimi nipo South B naangalia simu. Sakina nilikuwa naogopa tukiwa wote sebuleni. South B niliogopa na simu. Usiku ule ndipo nilipoamua, si kwa sababu kwetu kumetulia, maana sikuwa na hakika hiyo, bali kwa sababu nilijua ni wapi ninaweza kuibeba hofu.

Binti yangu hakubali. Aliipenda Nairobi, aliona wasichana wa umri wake wanaongea barabarani bila kugeuka nyuma. Siwezi kumwambia amekosea.

Tuliporudi tulikaa mezani na kaunta buku, mimi na baba watoto, tukaandika mambo matatu ambayo likitokea mojawapo tunaondoka bila kikao. Mmoja wetu akitafutwa kwa jina lake kwa alichosema au kuandika. Shule zikifungwa zaidi ya mwezi kwa sababu ya usalama. Dawa za mama zikikosekana mjini wiki mbili; na hapo mama anaondoka nasi, pasipoti yake tumeishughulikia. Tukaweka sahihi. Buku liko ndani ya kopo la biskuti, pamoja na pasipoti, kadi za chanjo ya homa ya manjano na dola kidogo. Binamu aliyeniita msaliti nilimwonyesha, akasoma, akaenda kuomba cheti chake cha kuzaliwa.

Andikeni ya kwenu mkiwa mmeshiba na mmelala. Msiandike usiku wa habari mbaya.

Kila mwisho wa mwezi tunalifungua na kulisoma kwa sauti. Januari binti aliomba kalamu, akaongeza la nne kwa mkono wake: "Ikifika, niambieni siku moja kabla. Msiniamshe alfajiri." Tumeliwekea sahihi wote wanne.