Tulivyoipata nyumba ya vyumba sita Njiro, Arusha

Kila niliyemwambia tunatafuta nyumba kubwa ya kuzeekea alijibu, "Dada, nyumba haishuki bei, kanunue." Ushauri huo nusura utumalizie akiba ya miaka kumi na moja.

Ya kwanza ilikuwa upande wa Muriet. Januari, ardhi kavu, vigae vinang'aa, dalali haachi kuutaja uwanja wa AFCON 2027 unaojengwa Olmoti. Tukaipenda, mume wangu akataka kutoa advansi wiki ileile. Mama mkwe ndiye aliyetuzuia: "Subirini masika, wanangu."

Aprili mvua ilipiga usiku kucha. Alfajiri nikaenda bila kumwambia dalali. Bodaboda aligoma kuingia mtaani, nikavua viatu nikatembea. Korongo lilikuwa limehamia getini! Sebuleni mlinzi anasukuma maji kwa ufagio, na lile kabati kubwa la ukutani wamelisogeza lisiloane. Nyuma yake rangi mpya haikufika. Palikuwa na mistari ya tope la zamani, mitatu, mmoja juu ya mwingine, wa juu kabisa unanifika gotini. Nilisimama pale nikamshukuru Mungu na mama mkwe.

Hii ya Njiro tuliikagua kwenye mvua kwanza, jua baadaye. Haikutuama maji, lakini inatumia kisima. Mimi nimekulia Maji ya Chai, meno yangu yana madoa ya kahawia tangu utotoni, na niliapa wanangu hawatayapata. Dalali akasema nichemshe tu. Si kweli: kuchemsha hakuondoi floraidi, yale madini ya majini yanayotia meno madoa yakizidi; maji yakipungua sufuriani ndiyo inazidi kukolea. Nikakinga chupa kwenye bomba la kisima chenyewe, siyo la tenki, maana tenki lilikuwa limechanganywa na maji ya mvua. Maabara ikaleta miligramu 3 na kitu kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linataka isizidi 1.5. Karatasi ile niliiweka mezani mbele ya muuzaji, pamoja na hesabu ya fundi wa paa (milioni kumi na kidogo), akashusha bei. Sasa maji ya kunywa na kupikia tunayapitisha kwenye chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kisima ni cha kufulia na bustani.

Hati tuliihakiki (wenyewe wanaita kusachi) ofisi ya ardhi, tukaangalia na miaka ya umiliki iliyobaki. Mke wa muuzaji naye asaini, msikubali kuambiwa amesafiri. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa yake.

Wengine walituuliza vyumba sita vya nini, watoto si wataondoka? Wataondoka. Ndiyo maana tulichagua yenye vyumba viwili vya uani na geti lake, tupate pa kupangisha.

Masika yetu ya kwanza humu niliamka saa tisa usiku, nikachukua tochi, nikamulika nyuma ya kila kabati. Pakavu.