Siku Moja Maishani Mwangu: Mpiga Picha wa Goma

Watu wengi hapa Goma wanaamini kwamba mpiga picha hufanya kazi Jumamosi tu: anabonyeza kitufe, anakula wali wa harusi, anarudi kwake na bahasha. Nimeamua kuandika Alhamisi yangu moja kama ilivyokwenda, kwa sababu wanaopita mbele ya studio yangu na kuona vikwembe, yaani vitenge, vimetundikwa mahali palipokuwa na picha za maharusi hudhani kwamba nimeiacha kazi. Sijaiacha.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nimeamka, nikaweka betri nne kwenye chaji kabla umeme haujakatika, kisha nikasafisha lenzi. Katika mji huu uliojengwa juu ya mawe ya volkeno, vumbi lina ncha kali, kwa hiyo kitambaa hakitangulii kamwe. Kwanza napuliza kwa pampu ndogo ya mpira, halafu napitisha brashi, na kitambaa huja mwisho kabisa. Anayefuta vumbi hilo kwa shati lake anaikwaruza lenzi ambayo hatapata pesa za kuibadilisha.

Hadi mwaka 2024 niliishi kwa kazi mbili: harusi, na picha za ripoti za mashirika ya misaada. Mwishoni mwa Januari 2025 vita vikaingia mjini, benki zikafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na katika wiki hizo hizo Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, hata mashirika yaliyozoea kuniita yakanyamaza. Harusi bado zipo, lakini familia iliyokuwa ikiagiza albamu sasa inaomba picha kumi kwenye simu. Nilikaa siku kadhaa nikihesabu ninachokijua kweli: mwanga, rangi, karatasi, wino, na subira mbele ya uso wa mtu. Hayo yana soko nje ya harusi, ingawa ni soko la pesa ndogo ndogo, na kila mteja analeta shida yake.

Kuanzia saa mbili hadi saa nne zilikuwa picha za hati, watu saba. Pasipoti na viza nyingi za Ulaya hutaka milimita 35 kwa 45, Marekani hutaka 51 kwa 51, na wote hutaka ukuta mweupe au wa rangi nyepesi, usio na kivuli nyuma ya masikio. Walilipa, wakaondoka.

Saa nne na robo akaingia mama mfanyabiashara wa vikwembe pamoja na kijana wake, wamebeba vitambaa 30 kwenye mfuko. Anauza kwa simu; wateja wake wa Bukavu na Butembo huchagua kwa picha, na wiki iliyotangulia watatu walikuwa wamemrudishia mali wakidai kwamba rangi waliyoletewa si ile waliyoiona. Picha hizo alizipiga mwenyewe usiku chini ya balbu, kwa hiyo nilijua chanzo na nikamwahidi kwamba kufikia saa sita tutakuwa tumemaliza.

Nilizima balbu, nikafungua dirisha la upande wa ziwa, nikaning'iniza kitambaa cha kwanza na kupiga kadi ya kijivu kwanza ili kamera ijue mwanga ulivyo. Kitambaa kilikuwa cha buluu iliyoiva, chenye ndege weupe. Nikamtumia picha.

"Papa, hii si buluu yangu," akasema.

Nikarudia, nikasogeza meza, nikafunika kwa shuka jeupe ukuta wa kijani uliokuwa ukirudisha rangi yake juu ya kitambaa. Akatazama tena simu, akatazama kitambaa, akatikisa kichwa. Kwenye kompyuta yangu rangi ilikuwa sahihi kabisa, lakini yeye hakuwa na haja na kompyuta yangu, na alikuwa na haki, kwa kuwa wateja wake hawatazami kompyuta. Saa sita ikapita tukiwa bado kwenye kitambaa kimoja. Mama akawa anazungumza na kijana wake kwa sauti ya kunisikilizisha kwamba wapiga picha wa siku hizi wanataka dola kabla ya kujua kazi. Hasira ilinipanda. Nimesimama miaka 14 nyuma ya kamera, na nilikuwa sijala tangu alfajiri.

Nilimwomba simu yake niishike mwenyewe. Skrini ilikuwa kwenye hali ya kulinda macho, ile inayotia mwanga umanjano ili mtu asiumie usiku, na mama hakujua kwamba iliwashwa. Nilipoizima, buluu ikarudi mbele ya macho yake. Hakuomba radhi. Alikaa chini, akavua viatu, akasema, "Basi endelea, mwanangu," na kwangu hilo lilitosha.

Kazi ikaenda mbio mpaka tulipofika kwenye zambarau. Kuna zambarau ambazo kamera huziona kama buluu, kwa sababu kihisi chake hakipokei rangi sawasawa na jicho, na hapo kadi ya kijivu haisaidii. Dawa ni kukiweka kitambaa kando ya skrini, dirishani, na kurekebisha rangi hiyo peke yake kwa mkono mpaka viwili vikubaliane. Vitambaa vinne vilikula saa nzima na zaidi. Mwanga wa dirisha ulipoanza kugeuka manjano tulikuwa tumemaliza 19. Kumi na kimoja vikabaki vimekunjwa studioni hadi kesho yake. Akanipa noti ya dola 20 iliyochanika ukingoni kidogo, kama punje ya mchele. Hapa kwetu mchaniko huo unatosha noti kukataliwa na kila mtu, na benki ya kuibadilisha haikuwepo. Tulibishana kidogo, akairudisha mfukoni, akanitumia nusu ya malipo kwa simu.

Somo la mwanafunzi wangu likaahirishwa. Nilikula maharage nimesimama.

Halafu jioni, sikumbuki tena saa, wakaja ndugu wawili wenye msiba. Walitaka picha kubwa ya baba yao ya kuweka mbele ya jeneza, na walichokuwa nacho ni kadi yake ya mchaguzi tu, iliyopauka hata uso ukawa kama moshi. Kazi ya namna hiyo siipangii bei mbele ya mlango. Niliipiga kadi kwa mwanga wa upande ili kivuli kidogo kilichobaki kijitokeze, nikawaomba picha yoyote ya kaka aliyefanana na baba yao ili nijue taya lilivyokaa, nikaichapisha. Mkubwa aliishika kwa mikono miwili, hakusema neno.

Usiku nilibaki na kazi moja niliyoichelewesha kwa kuihofia. Mama mmoja mzee aliniletea picha ya harusi yake, kitu pekee alichokitoa nyumbani tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo iliposhuka mjini. Miaka ya unyevu imeigandisha kwenye kioo cha fremu. Picha ya namna hiyo haivutwi, maana uso wake utabaki kwenye kioo na karatasi itatoka tupu. Huachwa ilivyo na kupigwa juu ya kioo hicho hicho. Niliweka taa mbili kwa mshazari, kitambaa cheusi mbele ya kamera ili kioo kisiakisi, nikazima vingine vyote.

Uso wa bibi harusi ulitoka mzima, hata ushanga wa shingoni unahesabika. Mkono wa kushoto wa bwana harusi, kuanzia kiwiko, umeliwa na ukungu. Ningeweza kumchorea mkono mwingine kwa kompyuta kwa dakika kumi, na wapo wanaofanya hivyo, lakini ungekuwa mkono wa mtu mwingine kando ya mke wake. Nikaliacha pengo kama lilivyo, na kwenye karatasi nikaandika swali la kumuuliza atakapokuja: je, siku ile marehemu alivaa saa?